Masikio Yanayolia Baada ya Muziki
Fundisho la afya kwa wazazi na vijana wa Kibua

Wenye ekuteri masikioni, tafadhali muziondoe kidogo, maana leo tunasema juu ya hizo hizo: vile vitu vya kusikilizia muziki ambavyo tunaviunga na simu na kuviingiza ndani ya masikio.

Siku hizi tunasikia mara nyingi maneno ya namna hii. Kijana anakaa mbele ya munganga na kusema: «Munganga, masikio yangu inalia. Kichwa inachoka. Mumepima damu, lakini malaria hakuna.»

Munganga anamwuliza: «Unasikilizaka muziki?»

«Ndiyo, munganga. Kila siku.»

«Na ekuteri?»

«Ndiyo. Hata usiku minalala nazo.»

Ninyi wazee mnaujua vizuri mlio huo. Zamani mtu aliyeshikwa na malaria alipewa kinini, na kiisha siku moja au mbili masikio yake yalianza kulia ngiii, sawa vile mdudu ameingia ndani. Hapa kwetu Kivu miti ya kinini ilipandwa tangu miaka ya 1930, na dawa yake ilitengenezwa Bukavu, kwa hiyo hakuna nyumba isiyojua kinini. Kila mtu alijua kwamba dawa ikiisha, mlio nao unaisha. Njo maana mama akimsikia mtoto wake anasema masikio yanalia kwa sababu ya muziki, anamjibu: «Itaisha, ni sawa kinini.»

Na kweli, mara ya kwanza inaisha. Mara ya pili inaisha. Hapo ndipo hatari ilipo, ndugu zangu. Mlio wa muziki unaondoka asubuhi na tunafikiri hakuna kilichoharibika. Lakini mlio ule ni onyo. Anayelidharau onyo hilo kila siku, siku moja atakuta mlio haundoki tena, na kusikia kwake hakurudi.

SIKIO LINAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Sehemu ya sikio tunayoiona nje ni ndogo kuliko kazi yote. Sauti inaingia katika tundu, inafika kwenye ngozi nyembamba inayoitwa ngoma ya sikio, na ngoma hiyo inatikisika. Nyuma yake kuna mifupa midogo mitatu. Wa mwisho una urefu wa milimita 3 hivi, na katika mwili mzima wa mtu hakuna mfupa mdogo kuliko huo. Mifupa hiyo inapeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye kitu kilichojikunja kama nyumba ya konokono na kilichojaa maji.

Ndani ya konokono hiyo mna vinywele vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Kila sikio lina chembe zenye vinywele kama 15,000 hivi. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinywele vinainama, na habari inapelekwa kwenye ubongo. Hivyo tunasikia.

Fikirini uwanja wa majani. Mtu mmoja akipita juu yake jioni, majani yanalala, lakini kesho asubuhi yamesimama tena. Wakipita watu mia kila siku fasi ile ile, panakuwa njia, na juu ya njia majani hayaoti. Vinywele vya sikio ni sawa vile. Sauti kubwa ya usiku mmoja inavilaza, navyo vinainuka vikipumzika. Sauti kubwa ya kila siku inaviua. Na tofauti ni hii: njia ikiachwa, majani yataota tena siku moja. Vinywele vya sikio la mtu vikifa havioti tena hata kidogo. Hakuna sindano wala kidonge kinachovirudisha.

KUCHOKA KWA MASIKIO

Anayesikiliza muda mrefu kwa ekuteri anaweza kupata taabu za namna nne. Ni vizuri kuzitofautisha, kwa sababu hazina sababu moja.

Ya kwanza: masikio yanalia au yanavuma, na watu wanasikika kwa mbali sawa vile una pamba masikioni. Hiyo ni alama kwamba vinywele vimechoka. Ni onyo tulilolisema.

Ya pili: kichwa kinakuwa kizito na sauti zote zinakuchukiza, hata sauti ya mtoto anayecheza. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna misuli midogo miwili inayojikaza sauti kubwa inapoingia, ili kupunguza nguvu yake. Misuli hiyo nayo inachoka, sawa na mkono wa mtu aliyebeba ndoo bila kuitua. Na ubongo nao unachoka, kwa sababu haupati kimya.

Ya tatu: tundu la sikio linauma, linawasha, au linatoa maji na usaha. Hapa kwetu kuna mvua na unyevu mwingi. Sikio lililofungwa kwa ekuteri saa nyingi linapata joto na jasho, na vijidudu vinapenda fasi yenye joto na unyevu. Tena vijana wanaazimana ekuteri: huyu anazitoa katika sikio lenye usaha, mwenzake anaziingiza katika lake.

Ya ine: sikio linajaa. Nta ya sikio si uchafu mbaya. Inalinda tundu na inatoka yenyewe polepole. Lakini ekuteri inaisukuma ndani kila siku, mpaka inaziba.

Taabu ya tatu na ya ine zina dawa, na tunaweza kuwasaidia. Ya pili inaondoka kwa kupumzika. Lakini ya kwanza, ikidharauliwa, haina dawa.

KIPIMO CHA SAUTI

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli, sawa vile uzito unapimwa kwa kilo. Watu wawili wanaosemezana bila kelele wanafanya desibeli 60 hivi. Simu nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho zinaweza kufika 100 na kupita. Shirika la Afya Duniani (OMS) linafundisha kwamba mtu mzima asipite vipimo hivi kwa juma moja zima:

Desibeli 80: masaa 40 kwa juma.
Desibeli 85: masaa 12 na nusu kwa juma.
Desibeli 90: masaa 4 kwa juma.
Desibeli 95: saa moja na robo kwa juma.
Desibeli 100: dakika 20 tu kwa juma.

Tazameni vizuri namba hizo. Kutoka 80 mpaka 100 mtu anaona kama ameongeza sauti kidogo tu. Lakini muda wake umeanguka kutoka masaa 40 mpaka dakika 20. Sababu yake ni kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu inayopiga sikio inakuwa mara mbili. Basi kijana anayefungua simu mpaka mwisho na kulala nayo, amemaliza kipimo cha juma zima mbele hajapata usingizi.

Utauliza: sina chombo cha kupima desibeli, nitajuaje? Kuna njia tatu rahisi. Moja, mwambie mwenzako asimame mbali nawe kadiri ya mkono ulionyoshwa na aseme kwa sauti ya kawaida. Kama humsikii, muziki wako ni mkubwa mno. Mbili, kama aliye karibu nawe anausikia wimbo wako, punguza. Tatu, hesabu vipandio vya sauti katika simu yako na usipite sita kwa kumi. Simu yenye vipandio 15, mwisho wako ni cha 9.

KWA NINI TUNAONGEZA SAUTI?

Si kwa sababu vijana ni wabaya. Mara nyingi ni kelele ya nje. Kijana anasikiliza karibu na mashine ya kusaga mihogo, au karibu na grupu inayotoa umeme, au juu ya moto barabarani. Muziki unafunikwa, naye anaongeza. Masikio yake sasa yanapigwa mara mbili, na kelele ya mashine na muziki pia. Tena ekuteri nyingi za bei ndogo zina sauti kali isiyo na uzito, na mtu anapandisha akitafuta besi ambayo haimo.

Kuna sababu nyingine. Sikio lililokwisha kuchoka linasikia kidogo. Kwa hiyo baada ya saa moja wimbo ule ule unaonekana umepungua, na mkono unapandisha tena. Ukijiona unapandisha sauti bila kelele ya nje kuongezeka, ujue sikio limechoka. Huo ni wakati wa kuzima.

SIKIO NI MLINZI

Ndugu zangu, tufikiri kidogo juu ya fasi tunayokaa. Katika barabara ya kutoka Nyabiondo kupitia Kashebere mpaka hapa Kibua, na kuendelea mpaka Walikale, kuna matope, kuna kona, kuna lori na moto nyingi. Mwenye kutembea na masikio yaliyozibwa hasikii moto inayokuja nyuma yake. Dereva mwenye ekuteri hasikii honi ya lori.

Tena ninyi wote mnajua taabu ambazo Masisi na Walikale zimepita. Mara ngapi nyumba nzima iliokoka kwa sababu mmoja wao, bibi au mtoto, alisikia mapema mbwa wanabweka, au watu wanakimbia njiani, au mlio wa mbali? Macho yanalala usiku. Masikio hayalali. Kijana aliyelala na ekuteri amemfukuza mlinzi wake, na mara nyingi ni yeye mwenye nguvu ambaye watoto na wazee wa nyumba wanamtegemea awaamshe na kuwabeba.

Na walio karibu na mlio wa bunduki au bomu, hao wajue kwamba mlio mmoja tu unaweza kuumiza sikio kwa dakika moja. Ukisikia vibaya baada ya jambo kama hilo, usikae nyumbani. Njoo.

MUZIKI SI ADUI

Msirudi nyumbani na kusema hospitali imekataza muziki. Hapana. Sisi Wakongomani tunajulikana duniani kwa muziki wetu, na mwezi wa 12 mwaka wa 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa watu wote. Hapa Walikale, mbele ya redio kufika, Wanyanga walikaa jioni na kusikiliza masimulizi ya karisi yakiimbwa, na kijiji kizima kiliitikia. Mwaka wa 1956, mzee Candi Rureke aliimba habari za shujaa Mwindo kwa siku nyingi, zikaandikwa, na kitabu kilitokea mwaka wa 1969. Wale watu walisikiliza saa nyingi kuliko sisi, na masikio yao hayakuharibika kwa hiyo, maana sauti ya mtu ilitoka mbali kidogo na ilifika ikiwa na kipimo.

Mtu anayependa muziki njo anapaswa kuogopa zaidi. Kuna mwanamuziki Mwingereza, Pete Townshend wa kundi The Who, anayejulikana kwa kupiga gitaa kwa nguvu nyingi. Mwaka wa 2006 aliwaonya vijana waziwazi. Alisema kusikia kwake kuliharibika hasa kwa ekuteri za ndani ya studio, zaidi ya kelele za jukwaani. Aliyeishi kwa muziki, muziki wenyewe ulimwumiza.

Kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba. Utasikia kwamba mtu anasema, lakini hutatofautisha «saa» na «taa», «fika» na «shika». Mwanafunzi ataandika makosa na mwalimu atasema ni mvivu. Mke atasema mume wake anamdharau, hajibu. Mtu anaanza kuepuka mikutano, kwa sababu anaona haya kuuliza mara tatu. Polepole anabaki peke yake katikati ya watu. Na hayuko mmoja: OMS ilisema mwaka wa 2021 kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari hiyo kwa kusikiliza vibaya.

TUFANYE NINI?

1. Usipite sita kwa kumi ya sauti ya simu.
2. Kiisha saa moja ya kusikiliza, ondoa ekuteri na upumzishe masikio.
3. Usilale na ekuteri. Ukihitaji wimbo ili upate usingizi, weka simu mbali na kichwa, kwa sauti ndogo.
4. Barabarani, ukiwa na moto au kwa miguu, masikio yawe wazi yote mawili.
5. Karibu na mashine, usipandishe muziki. Ondoka kwenye kelele, au ngoja.
6. Usiazime ekuteri. Uzipanguse kwa kitambaa safi na kikavu. Sikio likitoa usaha, usiziweke kabisa mpaka lipone.
7. Kwenye arusi, na hata hapa kanisani, msiwakalishe watoto mbele ya kipaza sauti kikubwa. Bwana anasikia hata tukiimba kwa sauti ya kadiri.
8. Masikio yakilia baada ya kelele, uyape kimya mpaka kesho yake.

Na haya msiyafanye. Msichokoe sikio kwa kijiti cha kiberiti, manyoya ya kuku, kalamu au kijiti chenye pamba. Msitie maji ya majani, mafuta ya moto wala petroli. Kipande cha mpira wa ekuteri kikibaki ndani, msikitafute kwa sindano. Ngoma ya sikio iko karibu kuliko mnavyofikiri.

Njoo hospitali kama mlio umepita siku nzima na usiku bila kuisha, kama sikio linatoa usaha, kama kuna homa au uvimbe nyuma ya sikio, au kama unasikia kizunguzungu. Kama sikio moja limeacha kusikia kwa ghafula, njoo siku ile ile, maana hapo dawa inaweza kusaidia ikitolewa mapema, na ukichelewa majuma nafasi inapita. Mwenye kupata sindano za gentamisini au streptomisini aseme mara moja akisikia masikio yanalia, kwa sababu dawa hizo nazo zinaweza kuumiza sikio.

MAULIZO

Kijana mmoja: «Mimi minaweka sikio moja tu, ingine inabakia ya barabara. Ni muzuri?»
Si vizuri. Sikio lile moja linapigwa peke yake, na mara nyingi unaongeza sauti ili ushinde kelele inayoingia upande wa pili. Barabarani, hakuna hata moja.

Mwingine: «Na ekuteri ya bei kali?»
Inaweza kuwa na sauti safi, hivyo utaridhika na sauti ndogo. Lakini bei hailindi sikio. Desibeli 100 za ekuteri ya bei kali ni desibeli 100.

Mama mmoja: «Mutoto wangu wa miaka mitano analia kama minamunyanganya simu.»
Mama, acha alie kidogo. Sikio la mtoto linataka kipimo kidogo kuliko la mtu mzima, ni kusema desibeli 75 badala ya 80. Mtoto mdogo asiwekewe ekuteri. Asikilize pamoja nawe, sauti ikiwa chini, kwa muda mfupi.

Mzee mmoja: «Mimi niliishakuharibika masikio zamani na kelele ya mashine. Inasaidia nini kuja?»
Baba, njoo tutazame. Mara nyingine ni nta tu, na tunaitoa. Kama ni vinywele vilivyokufa, hatuwezi kuvirudisha, lakini kuna vyombo vya kusaidia kusikia, na tunaweza kukuambia njia ya kuvitafuta. Na ninyi watoto wake: msimpigie kelele mzee. Mkae mbele ya uso wake, mseme polepole, aone midomo yenu.

Tunamalizia hapa. Kila tarehe 3 ya mwezi wa 3 ni siku ya kusikia ulimwenguni mwote, lakini msingoje siku hiyo. Leo jioni, kila kijana atazame simu yake sauti imefika wapi, na airudishe chini. Kila mzazi amwulize mtoto wake: «Masikio yako inalia?» Akisema ndiyo, asimjibu kwamba ni sawa kinini.

Mungu awalinde njiani. Wenye watoto wanaotoka usaha masikioni wabaki, munganga atawaona sasa hivi.